Mwenye Chakula Haulizi

Shangazi yangu,

Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa kuuliza hali. "Uliza kwanza kama ni wazima, kisha useme shida yako." Yako siwezi kuianza hivyo, kwa sababu hali yako sasa anaijua Mungu peke yake, na yangu si nzuri. Kwa hiyo niwie radhi, leo nitaingia sebuleni na viatu.

Kuna neno lako moja ambalo mpaka sasa sijui kama lilikuwa kweli. Ulilisema wiki ile ya mwisho, pale kwenye nyumba ya wazee Kanyosha, sinia likiwa kati yetu. Ulisema, "Nimeshiba." Basi. Wenzangu wakifiwa hubaki na maswali ya nyumba na viwanja. Mimi nimebaki na swali la wali. Nalala nalo, naamka nalo, naingia nalo darasani, na watoto wanapata hesabu sawa mimi nikiwa nimekosea ubaoni.

Ungekuwapo ungenicheka. Lakini kumbuka nani alinifundisha kulisema neno hilo nikiwa na njaa, na alinifundisha kwa kucha.

Nilikuwa sijaanza hata shule. Ulikuwa unapeleka kanzu ulizoshona kwa yule mfanyabiashara wa vitambaa wa mtaa wa Asiatique, ukanichukua nikubebee sindano, kazi ambayo mpaka leo sioni ilihitaji mtu wa pili. Mke wake alitukaribisha ndani. Jikoni kulikuwa kunanukia pilau, na mimi tangu mlangoni nilikuwa nimeshameza mate. Akanigeukia, akaniuliza, "Mutoto, utakula?" Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti na kwa furaha. Wewe uliendelea kutabasamu na mwenye nyumba, huku chini ya kanga vidole vyako vikinifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

Pilau ililetwa, tukala. Njiani kurudi kwetu Buyenzi ndipo nilipopata somo langu.

"Mutu akikuuliza kama utakula, sema umeshiba. Akiuliza tena, sema umeshiba. Akiuliza ya tatu, sogea, chukua kidogo."

"Na kama haulizi ya tatu?"

"Basi hakukuwa na chakula. Na weye umemusitiri."

Nilikutazama. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtoto mwenye njaa anaweza kumsitiri mtu mzima. Nikakuuliza tena, "Mbona kwetu hatuulizake watu?"

Ulisimama pale barabarani kana kwamba nimekutukana. "Kwetu? Mutu mwenye iko na chakula haulizake. Anaweka tu."

Na kweli uliweka. Baba yangu, kaka yako, alikuwa amefariki, mama ameolewa tena Uvira, na wewe ambaye hukujaliwa kuzaa ulinichukua, mtaa mzima ukaanza kukuita Mama Zuhura. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na gereji. Mchana ulikuwa unasukuma mashine yako ya cherehani pembeni, unateremsha sinia barazani, kisha unapiga kelele neno moja: "Mikono!" Mafundi walitoka chini ya magari yao na mafuta mpaka kwenye nyusi, wakapanga foleni kwenye birika na beseni. Hukumuuliza hata mmoja kama ana njaa. Wewe ulikaa kando, unatazama, na ulikula mwisho, kilichobaki, na siku nyingine hakikubaki kitu ukasema umeshakula jikoni. Nilikuamini. Nilikuwa mtoto.

Halafu ulianza kusahau. Kwanza ulisahau sufuria jikoni, nikasema ni uzee. Baadaye ukasahau jina la avenyu yetu wenyewe, ukaletwa na mtu wa taksi-velo, baiskeli ya abiria, ambaye alikuwa amekuzungusha Buyenzi nzima. Kisha ile siku ya jiko. Ulihisi baridi, ukalichukua jiko la makaa, ukaliweka juu ya godoro, ukakaa pembeni unaota moto. Mafundi waliruka ukuta, wakalizima. Mimi nilikuwa shuleni. Mchana hakukuwa na mtu nyumbani, na msichana niliyemtafuta akae nawe ulimfukuza ukidhani ni mwizi.

Nilipokupeleka kwa masera, wale watawa wa Kanyosha wenye nyumba ya wazee, Kassim, fundi wa gereji ile, alinisimamisha mlangoni. "Zuhura, watu wa Buyenzi hatupelekake wazee wetu kwa masera. Utatusemesha watu." Nikamwambia, "Vizuri sana, basi kuanzia kesho mchana ukae naye wewe." Akarudi chini ya gari lake.

Sitakudanganya, nyumba ile mwanzoni niliichukia. Wewe labda umesahau, mimi sijasahau. Kengele ililia alfajiri, wote mkaamshwa, wote mkaogeshwa kwa mstari, wote mkavishwa gauni la kijivu la aina moja. Hakuna aliyekuwa na jina. Kila mwanamke alikuwa "mukecuru", bibi kizee, na wewe ukiwa "mukecuru wa dirishani" kwa sababu ya kitanda chako. Chakula kilikuja bila salamu. Bakuli linatua mbele yako, paa! kula. Nilikuwa nikitoka pale nakanyaga mchanga wa Kanyosha kwa hasira kama mtu anayeua siafu.

Lakini ulikuwa unakula. Hilo nililiona bila kulitilia maanani. Ulikuwa unakula mpaka unafuta bakuli.

Kisha Masera mkubwa, yule mrefu mwenye miwani anayeiongoza nyumba, akaenda nje kwenye mafunzo, na aliporudi alituita sisi wenye wazee. Alikuwa amebadilika mpaka sauti. Alisema kuanzia siku ile pale hapana wasaidiwa, kuna wakaaji, na nyumba ni yao, sio yake. Mkaaji ataamka anapotaka. Mfanyakazi atabisha hodi kabla ya kuingia. Kila mtu atavaa nguo zake. Na hakuna kumfanyia mtu mzima jambo bila kumuuliza. "Akisema apana, ni apana. Mara ya kwanza tu, imetosha. Tuliwafanyia kama mizigo ya bandari. Imekwisha."

Nilipiga makofi, Shangazi. Nilipiga mpaka nikawa peke yangu ninayepiga.

Na mambo yalibadilika kweli. Nilikuletea kanga zako, ukazinusa moja moja. Kengele ilinyamaza. Yule binti Divine, mtunzaji wako, Mrundi wa Kanyosha hapo hapo mwenye meno yanayocheka kabla yake, alipiga magoti akakuuliza unapenda uitwe nani. Siku hiyo hukujua mimi ni nani. Ulikuwa umenisalimia kama mtu aliyekuja kuuza mkaa. Lakini ulimjibu bila kusita, "Mama Zuhura." Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Ndiyo maana nilichelewa kuona. Nani anatafuta ubaya kwenye nyumba iliyoanza kuwa nzuri?

Ile bangili yako ya fedha, ya harusi, ambayo haikuwahi kutoka hata ulipoipaka sabuni ili ukaiuze enzi za shida, Divine aliiokota kwenye shuka. Ilikuwa imetoka yenyewe usingizini. Alinipa akiwa amekunja uso. "Mwalimu, Mama Zuhura hakulake. Kila siku namuuliza, kila siku anasema ameshiba." Daktari alikupima juu na chini, hakuona ugonjwa. Nilikwenda kwa Masera nikiwa nimeishika bangili mkononi, nikaiweka mezani kwake.

"Anakonda," nikasema.

"Naona, Mwalimu. Na mi inaniumiza. Lakini ni mutu mukubwa, tunamuuliza, anachagua."

"Anachagua njaa?"

"Ni haki yake."

Nilimjibu maneno ambayo wewe ungenifinya kwayo. Nilisema zamani mlikuwa mnawanyima majina mnawapa chakula, sasa mmewapa majina mnawanyima chakula. Alivua miwani akaifuta. Niliondoka nikiwa sina hakika kama nimemwonea.

Jumamosi iliyofuata nilikuja moja kwa moja kutoka kusimamia mitihani. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, hata chai. Tulikaa kwenye ile veranda ya nyuma. Uliniuliza mimi ni binti wa nani, nikakuambia, ukasema, "Ah, wazazi wako ni watu wazuri," kwa adabu, kama mtu asiyewajua. Divine akatokea.

"Mama Zuhura, leo utapenda kula nini? Iko wali na ndagala, iko bugali na maharage."

"Asante mwanangu. Nimeshiba."

"Sawa, Mama." Akanigeukia mimi. "Na weye, Mwalimu, utakula?"

"Apana, asante," nikasema. "Nimetoka kula sasa hivi."

Sikufikiri. Lilitoka lenyewe, na tabasamu lake juu. Divine akasema sawa, akaenda na sahani zake, na harufu ya zile ndagala, yaani dagaa, za kukaanga ikamfuata. Na tumbo langu likanguruma, likanguruma kwa aibu, mpaka wewe ukalisikia.

Ulinigeukia. Halafu ukatikisa kichwa polepole, umeridhika, ukanigonga goti kwa kidole. "Mama yako alikufunza vizuri," ukaniambia.

Sijui kama mtu anaweza kupigwa na sentensi ya upole vile. Akili yako ilikuwa imeshaondoka na jina langu, na la baba yangu, na mtaa wetu, na mume wako. Adabu ilibaki. Ilibaki peke yake mlangoni inapokea wageni. Kila mchana binti mwema alikuja akakuuliza kama utakula, na wewe kila mchana ulimsitiri. Ulidhani hawana kitu. Ulidhani umekaa kwenye nyumba ya watu maskini wanaoona haya, na ulikuwa unakonda kwa ajili yao.

Nililia nyuma ya jiko, mpishi akaniletea kiti.

Masera nilipomweleza hakubisha hata kidogo. Alikaa. "Mama yangu kule mulimani ni vile vile," akasema. "Ukimuuliza, anakufa na njaa mbele ya chungu." Nikafikiri basi tumemaliza. Lakini alianza kusugua mikono yake, na nikaona kwamba kuna jambo.

"Mwalimu, mi nitakuambia kitu. Mbele ya mafunzo, zamani, tulikuwa tunafungua watu kinywa. Kulikuwa muzee mumoja, alikuwa anafunga meno. Nilimushika kichwa mi mwenyewe, mwenzangu anaweka uji. Tulisema ni upendo. Alikufa siku ile, na uji bado kwenye ndevu." Akaacha kusugua mikono. "Sasa unaniambia apana ya Mama Zuhura siyo apana. Sawa. Nitajua namna gani ile ya adabu na ile ya kweli? Na kesho nikikosea?"

"Uliza mara tatu," nikasema.

"Na ya tatu akisema apana?"

Mimi nafundisha hesabu, Shangazi. Nimezoea maswali yenye jibu nyuma ya kitabu. Nilimtazama yule mama mrefu niliyekuwa namchukia wiki iliyopita, nikaona sina wa kumlaumu, na jambo hilo lilinisumbua kuliko kuwa naye. Angekuwa mkatili ningepumzika.

Tukapatana hivi: wewe usiulizwe. Nilileta sinia letu la Buyenzi, lile lililobonyea, na birika na beseni. Divine aliogopa. Alisema kuweka chakula bila kuuliza ndiyo tabia ya zamani waliyokatazwa, na kula pamoja na wakaaji hata zamani hawakuruhusiwa. Masera akamwambia kaa chini ule. Basi Divine akatandika mkeka, akakunawisha, akaweka, akanawa, akamega tonge lake mwenyewe akasema, "Karibu, Mama." Ulitazama sinia. Ulitazama mkono wake unaokwenda kinywani. Ukasogea.

"Mwalimu!" alinipigia simu nikiwa darasani. "Amekula! Ameniambia ndagala inakosa chumvi!" Niliwaambia wanafunzi wafunge madaftari, tumemaliza mapema.

Siku ya pili, nami nikiwapo, akili zikamzidi Divine, akafanya vivyo hivyo kwa Mama Konsolata, jirani yako wa kitanda, yule wa milimani aliyekuwa akikusuka nywele. Akamwekea sahani bila kumuuliza. Kumbe! Mama Konsolata aliisukuma mpaka ikaanguka. "Niulize!" akapiga kelele. "Kwa baba yangu sikuulizwa, kwa bwana yangu sikuulizwa, nimezeeka ndio mumeanza kuniuliza, na sasa munataka kuniondolea? Niulize kama nitakula!" Divine akamuuliza. "Ndiyo," akasema, "nitakula," akakaa sawasawa kama malkia. Wewe ulimwangalia kwa huzuni, ukaninong'oneza kwamba yule mwenzio hakufunzwa.

Nilicheka siku ile. Leo namkumbuka kila Masera anapozungumza juu ya heshima, kwa sababu wewe na yeye wote wawili mlikuwa na haki, na vitanda vyenu vilikuwa vimegusana.

Kuna siku nyingine nataka nikukumbushe, maana ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote pale. Uliamka na hasira. Ulimwambia Divine, "Nimekaa kwa watu hawa sana. Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Jembe yangu iko wapi?" Mwingine angekubembeleza akurudishe kitandani. Divine alicheka, akakimbia jikoni, akarudi na ungo wa mchele. Akauweka mapajani mwako. Vidole vyako vilianza kutoa mawe kabla wewe mwenyewe hujajua ni nini. Kuanzia hapo kila asubuhi ulichambua mchele wa nyumba nzima, ukasimamia chumvi, ukamgombeza mpishi kwa Kiswahili naye akikujibu kwa Kirundi, mkaelewana vizuri sana. Mgeni hamgombezi mpishi. Nilikuona nikasema labda sasa umefika. Bangili nilikurudishia, nikaifungia uzi ndani ili ibane, na baada ya muda Divine akaukata uzi.

Halafu zikaja mvua, na kifua.

Uliondoka upesi, na watu wa Buyenzi walikuja kukuchukua. Kassim ndiye aliyeshika jeneza mbele, huku analia kama mtoto, na mimi nilimsamehe pale pale mambo yote. Matanga tuliweka barazani kwako. Masera na Divine walikuja, wakavua viatu, wakakaa mkekani na wanawake. Nilikuwa nimekaa sijui saa ngapi, sioni mtu. Kisha nikasikia sauti ya Kassim kutoka gerejini, sauti nzito iliyokwaruza: "Mikono!" Sinia likatua mbele yangu. Hakuna aliyeniuliza. Divine alinitazama, akanawa, akala, na mimi nikala.

Walipokuwa wanaaga, Masera alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Ile siku ya mwisho, Mwalimu. Alikuwa ameshiba?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sasa anataka nije nizungumze na watunzaji wapya, niwaambie habari zako, wajifunze. Nimeahirisha. Niwaambie nini? Kwamba msiulize? Mama Konsolata bado yuko hai. Kwamba muulize? Wewe umekufa. Niwaambie mmjue mtu kwanza? Mimi nilikujua tangu nina meno ya utoto, na siku ile ya mwisho sikujua.

Nataka tuipitie pamoja siku ile, wewe na mimi, kwa sababu hakukuwapo mtu mwingine.

Mvua ilikuwa imepumzika. Divine alikuwa ameteremsha sinia karibu na mto wako, wali mweupe na mchuzi kidogo, mchele uliouchambua mwenyewe kabla kifua hakijakulaza. Nilimwambia aende, nitakulisha mimi. Sikukuuliza kitu. Niliweka, nikanawa, nikamega, nikasema karibu. Uliutazama ule wali muda mrefu. Macho yako yalikuwa safi kuliko nilivyoyaona mwaka ule wote.

"Nimeshiba," ukasema.

Nikangoja. Nikamega tonge jingine dogo, nikakukaribisha tena, nikalishika mpaka likapoa kati ya vidole vyangu. Ulifunga midomo. Hukukunja uso, uliifunga tu, taratibu. Na mimi nikamwona yule mzee wa Masera na uji kwenye ndevu, nikarudisha mkono. Nilisikia nimekusaliti na nimekutii kwa wakati mmoja. Mpaka leo nasikia hivyo.

Ndipo ulipotoa mkono chini ya shuka. Uliuweka kwenye ukingo wa sinia, ukalisukuma. Halikuwa zito, lakini ulipumzika katikati, ukavuta pumzi, ukasukuma tena, mpaka likanigusa goti. Bangili ikagonga bati. Ukanitazama, na sijui ulimwona nani, Zuhura au fundi mmojawapo aliyetoka chini ya gari.

"Mikono," ukasema.

Kwa hiyo swali langu ni hili, na najua hutajibu. Kama ulikuwa umeshiba kweli, basi nilifanya vizuri kukuamini, na ninaweza kulala. Kama ilikuwa adabu, nilikuacha na njaa. Lakini kuna la tatu, na hili ndilo linaloniamsha: labda siku ile ulikuwa umefika kwako hatimaye, nyumba imekuwa yako, na mwenye nyumba, ninavyomjua mimi, hula mwisho, na kama hakikubaki kitu anasema ameshakula jikoni.

Nilinawa, Shangazi. Nilivuta sinia nikala, mbele yako, tonge baada ya tonge, na wewe ulinitazama vile vile ulivyokuwa ukitutazama barazani, mpaka nikafuta sinia kwa kidole, ndipo ukafumba macho. Nilikuwa nimetoka shuleni, sijala tangu asubuhi. Hukuniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nayo.

Pumzika. Huko uliko, wakikuuliza mara moja tu, tafadhali, sema ndiyo.

Mtoto wa kaka yako, ambaye uliitwa kwa jina lake,
Zuhura